Mke Wangu Yuko Burundi, Majibu Yangu ya Moyo Yanatoka Jumatatu

Admin, jina langu lifiche, huku Gungu, Kigoma, tunafahamiana mno. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, fundi cherehani. Mke wangu ni Mrundi. Alikimbilia Kigoma na mama yake akiwa msichana, nikamwoa, tukazaa watoto wawili.

Juzi nilianguka dukani kwangu. Hospitali wakanipima moyo, majibu ni Jumatatu. Daktari akaniambia, "Mzee, tulia, usiwaze. Na siku hiyo uje na ndugu."

Nitulie na nani? Mke wangu na watoto wako Burundi wanadai shamba la marehemu mama yake, wajomba zake wamelikalia. Wazee wa kule wanakaa kusikiliza wiki ijayo. Akiondoka sasa, shamba limekwenda.

Jamani, mpweke ana tabu. Ugali wa mtu mmoja mpaka leo sijajua kuupima, kila asubuhi nakula kiporo. Moyo ukianza kwenda mbio nakaa kwenye cherehani, nakanyaga polepole bila kitambaa, ule mlio unanituliza. Majirani wanadhani nina kazi nyingi.

Jioni mke wangu hupiga simu. "Amahoro, baba Rehema? Mbona sauti imekauka?"

"Mafua tu, mama Rehema."

"Haya. Usije ukanificha kama walivyonificha wale."

Mnaijua desturi yetu. Msiba hausemwi kwenye simu, mtu wa mbali anaambiwa mgonjwa anaumwa kidogo, njoo. Mama yake alikuwa amesharudi kwao Burundi, na mke wangu akaitwa hivyo hivyo. Alifunga dagaa na dawa za presha, akafika akakuta wameshazika. Dagaa wale alirudi nao. Tangu siku hiyo ukimwambia fulani anaumwa kidogo, anaanza kulia.

Sasa nikimwambia ukweli, ataacha shamba aje mbio, na huenda nisiwe na ugonjwa wowote. Nikimficha na mambo yakaharibika, jirani ndiye atakayempigia: mumeo anaumwa kidogo, njoo. Atajua maana yake. Lakini namfahamu, dawa atanibebea hivyo hivyo.

Naogopa, ndugu zangu, sitaki kudanganya. Nishaurini. Jioni hii atapiga tena, nimjibu nini?