Anyonye Kwanza

Watiri hakuwa mtu wa kupendwa na kila mtu, na hilo halikumnyima usingizi. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa katika kituo cha ushirika, huko juu upande wa Tetu, ambako wakulima hupanga foleni kila asubuhi na mitungi yao kabla lori halijaja kubeba mzigo kuupeleka mjini Nyeri. Alitumbukiza kipimo, akatazama kinavyoelea, na akikuta maji alikuambia hapo hapo mbele za watu. Kuna mzee wa kanisa aliyewahi kurudishiwa mtungi mzima. "Hii rudi nayo upike chai," Watiri alimwambia. "Maji tayari umetia, imebaki majani." Mzee hakumsalimia kwa miezi mitatu, naye Watiri akaendelea kupima.

Sasa wewe niambie, mwanamke kama huyo anadanganywaje kuhusu maziwa yake mwenyewe? Alidanganywa, tena mara moja kamili, na ya pili ilikuwa njiani.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa kifungua mimba wake, Munene. Mtoto alipofika miezi saba, akila viazi na ndizi vizuri tu, maziwa ya mama yalianza kupungua. Kila mtu akamwambia yameisha, kwamba ndivyo ilivyo mtoto akishaanza kula. Watiri aliamini. Aliamka siku moja ziwa ni laini, halina kitu, mtoto akalivuta mara mbili akaliachia na kuangalia pembeni. Alilia siku hiyo akiwa amejifungia chooni, akanawa uso, akaenda kazini. Munene alikua, hakufa, anasoma gredi ya pili sasa. Lakini Watiri alikuwa amepanga kumnyonyesha miaka miwili, na hakuna aliyemuuliza alichopanga. Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka sita.

Kwa hiyo alipozaa msichana alijiapiza kwamba huyu atanyonya hadi atakapotosheka mwenyewe.

Msichana aliitwa Wamucii, jina la mama mkwe wa Watiri, kama ilivyo desturi. Na hapo ndipo kazi ilipoanza. Shosho, maana ndivyo wote pale nyumbani walivyomwita mama mkwe, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia, na hakuwa tayari kabisa kuona jina lake likitembea duniani likiwa na miguu myembamba. "Sijawahi kuona Wamucii mwenye amekonda," alikuwa akisema. Mtoto alipotimiza miezi sita, Shosho alikwenda kwenye kinu na gunia dogo akarudi na unga wenye vitu kumi na viwili, kuanzia wimbi hadi dagaa wa omena. Uji wake ulikuwa mzito hata kijiko kilisimama wima.

Tena Shosho hakuwa mtu mbaya, na wala sitaki umfikirie hivyo. Watiri alipojifungua, ni yeye aliyempikia njahi, maharagwe meusi ya kumwongezea mzazi maziwa, kila siku kwa miezi mitatu na kumletea uji kitandani, asikubali mzazi anyanyue hata ndoo. Kinuthia, mume wa Watiri, hupika katika hoteli moja Nanyuki na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Bila Shosho, Watiri asingeweza hata kurudi kazini. Aliondoka saa kumi na moja unusu alfajiri, akarudi saa saba, na muda wote huo mtoto alikuwa mgongoni kwa nyanya yake, msafi, ameshiba.

Ameshiba. Hapo ndipo penye tatizo.

Mwanzoni Watiri alikuwa akitoka kituoni saa nne, foleni ikiwa imepungua, anatembea dakika kumi na tano hadi nyumbani, ananyonyesha, anarudi. Mtoto alipoanza kula, Shosho alimwambia asijisumbue kupanda mlima bure. Watiri alikuja siku mbili tatu akakuta kweli mtoto amelala fofofo, tumbo limekaza kwa uji wa saa tatu. Akaacha kuja. Akirudi saa saba, mtoto alikuwa ameshalishwa viazi na malenge. Jioni, uji tena. Likabaki ziwa la usiku peke yake. Na Shosho, kwa kuwa mtoto sasa alikula, aliacha pia kupika njahi na uji wa mama. Hakusema lolote, aliacha tu.

Miezi minane, maziwa yakapungua. Mtoto alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena.

"Hiyo imeisha, Mama Munene," Shosho alisema kwa upole, akimpokea mtoto. "Usijiumize. Hata yangu iliisha hapo hapo. Watoto watano, wote miezi saba, nane. Sisi ndio tuko hivyo."

"Na Wamucii anataka kunyonya."

"Anataka kucheza tu. Hakuna kitu hapo ndani."

Watiri alimpigia Kinuthia simu. Kinuthia alisema mama yake amelea watano, anajua. Watiri alikata simu bila kuaga. Aliona uchungu ule wa chooni ukimrudia, lakini safari hii ulikuja na hasira, na hasira ilimfaa zaidi.

Siku ya Alhamisi, kama saa kumi na moja jioni, alikwenda boma la ng'ombe kumchukua mtoto. Akamkuta Shosho ameegemea mlango wa boma, mtoto mgongoni, ndoo ya kukamulia imefunikwa chini. Ng'ombe wao, Karembo, alikuwa analia, kiwele kimejaa.

"Leo hukamui?" Watiri aliuliza.

"Naikausha. Imebakisha miezi miwili izae. Ya jioni niliacha tangu Jumatatu. Wiki ijayo naacha ya asubuhi."

"Na chakula chake cha dairy meal?"

"Nimeondoa. Utaipatia ya nini na hutaki maziwa?" Shosho alimkuna Karembo kichwani. "Ukiacha maziwa ikae kwa kiwele, ng'ombe inajua haitakiwi tena. Inapunguza, inapunguza, halafu inawacha."

Watiri alikuwa anayajua haya yote. Ungemwamsha usingizini angekueleza. Amekaa na wakulima miaka tisa akisikia habari za kukamua na kukausha. Lakini jioni ile aliyasikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Alihesabu kimya kimya: ya saa nne wameiondoa, ya saa saba wameiondoa, ya jioni wameiondoa. Chakula chake wamekiondoa. Imebaki ya usiku.

"Mami," alisema, "nikikuja hapa wiki ijayo niseme Karembo ameishiwa na maziwa, utaniambia nini?"

Shosho alicheka. "Nitakuambia huko kituoni hawajakufunza kitu."

"Basi mimi pia sijaishiwa. Munanikausha."

"Ati nini?"

Watiri alimweleza, na hakupunguza sauti. Uji wa saa tatu, viazi vya saa sita, uji wa jioni, njahi zilizokoma. Alimwambia kwamba Munene naye alikaushiwa hivyo hivyo, na yeye akaambiwa ni mwili wake umeshindwa. Alisema mwili wake haujawahi kushindwa. Alisema mtoto atakula, na ashibe, lakini kuanzia kesho atanyonya kwanza, na chakula kitafuata baadaye.

Shosho alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alifungua kanga, akamkabidhi mtoto, akaokota ndoo.

"Mimi sikukuita ng'ombe," alisema. "Ni wewe umejiita." Akaenda zake jikoni, na kwa siku mbili hakumsemesha.

Watiri hakuomba msamaha. Aliloweka njahi usiku huo, na alfajiri akaziacha jikoni zikichemka taratibu. Kituoni, saa nne ilipofika, alivua koti jeupe akalitundika.

Meneja, bwana mmoja aitwaye Moffat, mpole lakini mwenye kupenda saa yake ya mkononi, alimuuliza anakwenda wapi na bado kuna watu sita.

"Kunyonyesha."

"Lakini huyo si anakula sasa?"

"Hata wewe unakula, na bado unakunywa chai ya saa nne," Watiri alimwambia. "Nitarudi baada ya dakika hamsini. Maziwa ya watu nitapima. Yangu acha nipeleke."

Foleni ilicheka. Moffat alipopata jibu, Watiri alikuwa amefika barabarani.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Wiki ile ya kwanza ilikuwa ngumu vibaya. Alimnyonyesha mtoto akiamka alfajiri, saa nne, saa saba, saa kumi, jioni, na kila mara mtoto alivuta kidogo akakuta hakuna cha maana, akapiga kelele. Watiri alimbadilisha upande, akamrudisha wa kwanza, akamwimbia, akambembeleza. Siku ambayo lori lilichelewa na asingeweza kutoka, alijifungia stoo akajikamua kwa mkono kwenye kikombe. Yalitoka matone ya kufunika kitako cha kikombe tu. Aliyatazama matone hayo kwa jicho lile lile alilotazamia mitungi ya watu, akajiambia ni machache lakini hayana maji.

Kibaya zaidi ilikuwa Shosho. Shosho alisimama mlangoni na bakuli la uji, akisikiliza jina lake likilia.

"Mtoto ako na njaa, Mama Munene."

"Najua, Mami. Anyonye kwanza."

"Analia."

"Ninasikia. Anyonye kwanza, halafu umpatie uji yote, hata akilamba bakuli ni sawa."

Na Shosho alingoja. Alinuna, akaguna, akasema na kuku, lakini alingoja pale mlangoni mpaka mtoto alipomaliza ndipo akampa uji. Siku ya tano, Watiri aliporudi saa nne, hakukuta mtoto amelala. Alimkuta macho, hajalishwa, amekaa kwenye mkeka akigonga sufuria. Shosho alikuwa nje anaanika nguo na hakugeuka. Watiri alikaa, akafungua vifungo.

Siku ya kumi na moja, akiwa kituoni na mtungi wa mtu mkononi, alihisi kifua kinajaa na kuwasha. Alitazama chini akaona madoa mawili ya maziwa kwenye blauzi yake ya buluu, yakipanuka, mbele ya wanaume wanane waliovaa magambuti ya mpira. Kuna aliyekohoa. Watiri hakuvuta koti ajifunike. Alimaliza kupima mtungi ule, akaandika lita zake, akasema ni mazuri, na akaita anayefuata. Alijisikia tajiri, na sioni haya kusema hivyo kwa niaba yake.

Mtoto alirudi kunyonya na kumeza, unasikia koo linavyofanya kazi. Na alikula vilevile, viazi, malenge, uji wa vitu kumi na viwili, wala hakukonda.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mvua ilinyesha asubuhi nzima. Barabara iliteleza, wakulima walichelewa, na ilipofika saa nne foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Watiri aliona hawezi kwenda. Alikuwa anafikiria kikombe na stoo alipoona mwavuli mkubwa mweusi ukipanda kutoka barabarani, na chini yake Shosho, viatu vimejaa matope, mtoto mgongoni amefunikwa kwa shuka zito. Shosho, ambaye kwa goti lake bovu hata kanisani alikuwa anapelekwa kwa bodaboda.

Hakumsalimia mtu. Alifunga mwavuli, akamsogeza Moffat kidogo kwa kiwiko, akavuta kiti cha meneja akakiweka karibu na mizani.

"Kaa," alimwambia Watiri.

Katika foleni alikuwapo Wakonyo, rafiki wa Shosho wa kanisani tangu ujana, mwenye ulimi usiolala. Wakonyo alimtazama mtoto akipokewa, meno manne tayari mdomoni, akatikisa kichwa na kumgeukia Shosho.

"Wamucii, huyu bado ananyonya? Si nyinyi kwenu huwa inaisha miezi saba? Yako si iliisha, watoto wote watano?"

Mtoto alikuwa ameshashika ziwa. Shosho alilikunja shuka lake polepole, akalikunja tena.

"Haikuisha," Shosho alisema. "Ilikaushwa. Watoto watano, Wakonyo. Na wenye waliikausha walikuwa wananipenda sana."

Moffat alitazama saa yake, akafungua mdomo.

"Wewe ngoja," Shosho alimwambia. "Nyote ngojeni. Mtoto ananyonya."

Nao wakangoja.