Siku Ndege Ilipopinduka Ruiru

Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanja kidogo cha ndege katikati ya mashamba ya kahawa, upande wa Ruiru. Alikata nyasi, alijaza petroli na kumsaidia fundi. Wazungu walikuja hapo kujifunza kurusha ndege. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, miaka ya hamsini, na hata kumpelekea chakula cha mchana nilihitaji barua ya ruhusa.

Siku hiyo ya kiangazi upepo ulikuwa unavuma, unakatika, halafu unakuja tena kwa nguvu. Mwanafunzi mmoja, msichana wa kama miaka ishirini, alikuwa angani peke yake. Mwalimu wake alisimama karibu nasi, sigara imemzimikia mdomoni. Msichana alishuka, akashindwa kutua, akapaa tena. Mara ya pili vivyo hivyo.

"Upepo unampiga ubavuni," mume wangu aliniambia.

Mara ya tatu magurudumu yaligusa ardhi, ndege ikadunda, kisha upepo ukainua bawa moja. Lile lingine likachimba udongo. Ndege ikapinduka, magurudumu juu.

Ngai, Mungu wangu! Mume wangu alikuwa ameshaanza kukimbia. Nikamfuata, sijui sufuria ya chakula chake niliiacha wapi. Msichana alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye mikanda, petroli ikimdondokea begani. Mume wangu akaingia chini yake, akambeba kwa mgongo asije akaangukia shingo.

"Fungua, mama! Hapo kifuani!"

Nikavuta kifungo cha mkanda, kikaachia. Mwalimu akafika, tukamvuta msichana nje sote watatu.

Mkono wake ulikuwa umevunjika. Nilimfunika shuka langu, akalia kifuani pangu. "Mimi naharibu ndege," alisema kwa Kiswahili chake.

"Ndege ni mbao na kitambaa, memsaab," mume wangu akamwambia. "Itashonwa."

Gari lilipompeleka hospitali, nilimtafuta mume wangu. Nilimkuta nyuma ya stoo ya petroli, amekaa chini, anatetemeka mwili mzima.

"Mwaka jana kulikuwa na mwingine," alisema. "Kijana. Upepo kama huu. Mimi nilisimama tu, miguu ikakataa. Akafa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mjamzito. Ningekwambiaje?"

Siku hizo mke hakumshika mumewe hadharani mchana. Nilikaa chini hapo hapo, nikaichukua mikono yake iliyonuka petroli, nikaishika mpaka ikatulia.

"Leo miguu haikukataa," nikamwambia.

Msichana alipona, na baada ya mvua za masika akarudi kuruka. Mume wangu naye alibadilika. Kila jioni, kabla hata ya kuomba chai, alinieleza nani alitua, nani aliyumba, na upepo ulitoka wapi. Nusu ya maneno hayo sikuyaelewa. Niliacha kumenya viazi, nikamsikiliza.