Ng'ombe wa Dada Yangu na Radi ya Getanuwas

Katika mnada wa Katesh alizoea kuja mtu mmoja aliyeuza nyaya za shaba za kuvisha ng'ombe mguuni. Alidai kwamba mwilini mwa kila mnyama umo umeme wa asili, kwamba umeme huo ukikosa njia ya kushuka ardhini mnyama hudhoofu, na kwamba hata mti unaonyauka hupona ukipigiliwa msumari wa shaba shinani. Nilifundisha fizikia kwa muda wote wa utumishi wangu kabla ya kustaafu na kurudi Mbulu. Sikuweza kupita kimya.

"Ng'ombe wa hapa," nilimwuliza, "alivaa viatu lini hata akatengana na ardhi?"

Watu wakacheka. Yeye hakutikisika. "Mzee, mambo haya yote yapo kwenye simu."

"Kwenye simu wapo na watu wanaofuga majini."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wa dada yangu, alikuwa kando yangu akicheka kuwashinda wote. Nilipogeuka kununua chumvi ya mifugo, alinunua waya mmoja akauficha ndani ya shuka lake.

Sisemi kwamba muuzaji yule alikuwa mwongo katika kila neno. Moyo wa mnyama hupiga kwa msukumo mdogo wa umeme, na mti ulio hai hupimika tofauti ndogo ya umeme kati ya shina lake na udongo unaoushika. Hayo yanathibitika. Lakini kutoka hapo hadi kwenye waya wa mguuni kuna pengo ambalo sijamwona mtu akilivuka kwa ushahidi, nami sikubali jambo kwa sababu tu linasemwa na wengi.

Masika ya mwaka huo shemeji alinipigia simu kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Hakunipa shikamoo, na kwa hilo pekee nilijua kuna msiba.

"Mwalimu, radi imepiga mgunga wa nyumbani kwa dada yako. Jana jioni."

"Dada yupo?"

"Yupo. Alikuwa ndani."

"Na ng'ombe?"

"Walikuwa wamejikinga mvua chini ya mti. Wote, mwalimu. Amesimama ndama mmoja tu."

Lazima nieleze ng'ombe wale walikuwa nini. Dada yangu alipoolewa na jamii ya wafugaji wa uwanda wa Hanang, akatoka kwetu kwenye baridi ya Mbulu na kushuka kwenye nchi asiyoijua, baba yetu alimtoa zizini mtamba mmoja na kumswaga mwenyewe hadi Getanuwas. Kwa wakwe zake, ng'ombe wa namna hiyo ni mali ya mwanamke. Hagawanywi na ndugu wa mume, wala mwana hamchukui bila idhini ya mama. Mtamba yule akazaa, binti zake wakazaa, na zizi zima la dada likawa uzao wa mama mmoja. Baba alikwisha kufa. Shamba lake liligawanywa, na nyumba yake ikabomoka kwa mvua. Chochote cha baba kilichokuwa bado kinapumua, ukiniondoa mimi na dada, kilikuwa katika zizi lile. Na sasa kilikuwa kimebaki katika ndama mmoja wa kike ambaye hajaachishwa kunyonya.

Nilipanda basi kutoka Mbulu, nikachukua bodaboda Katesh. Kijana aliyenibeba alisimama mbali kabisa na boma la dada na kuzima pikipiki.

"Mwisho hapa, babu. Huko kwa radi mimi siingii."

Nilijua sababu. Nyumba iliyopigwa na radi hutengwa. Watu wake hawachoti maji na wengine, hawapokei moto, na mifugo yao haichungwi pamoja na ya majirani. Zaidi ya yote, maziwa hayavuki mpaka wao, ya kutoka wala ya kuingia, kwa maana inaaminika kwamba ng'ombe ambaye maziwa yake yameingia katika nyumba hiyo ataifuata njia ya waliopigwa. Hali hiyo hudumu mpaka mwezi mpya uonekane na wazee wanaohusika waisafishe nyumba. Anayeingia kabla ya hapo amekuwa mmoja wa waliotengwa. Niliingia.

Dada alikuwa ameketi mlangoni, amemlaza ndama kando yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ungekaa kwako, mdogo wangu. Sasa na wewe utafungiwa hapa na kikohozi chako."

"Kikohozi kilikuwa kinahitaji mapumziko."

Alitaka kucheka, uso ukakataa.

Wazee walikuwa wamekwisha kuwafukia ng'ombe pale pale walipoanguka, bila kuchunwa ngozi wala kuliwa nyama. Mgunga ulikuwa umesimama. Gome lake lilikuwa limechanika kutoka tawi la juu hadi chini, kwa kuwa maji yaliyomo chini ya gome yalichemka kwa mara moja na kulipasua. Nilizunguka mti ule, nikapima kwa hatua, nikatazama makaburi ya ng'ombe yalivyokaa. Nilihitaji kuelewa, kwa sababu kuelewa ndiyo njia pekee niliyonayo ya kukabiliana na jambo.

Dada aliniuliza swali moja tu. "Kwa nini huyu mdogo amebaki? Mungu alimwacha kwa ajili gani?"

Nikamweleza kwa uangalifu wote. Radi ikishuka kwenye mti haiishii mzizini. Husambaa ndani ya udongo pande zote, ikipungua nguvu kadiri inavyoenda mbali. Ng'ombe aliyeuelekea mti ana miguu ya mbele penye nguvu nyingi na ya nyuma penye nguvu ndogo, na umeme hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine, ukipita moyoni. Kadiri miguu inavyoachana ndivyo pigo linavyokuwa kubwa. Ndama ana miguu mifupi, na kwato zake zilikuwa karibukaribu. Haikuwa adhabu, nilimwambia, na hakuna aliyechaguliwa. Wala hakuna kilichobaki ndani ya udongo. Umeme ule ulikwisha kabla ya ngurumo kusikika.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyonisikiliza nilipokuwa mtoto nikimsomea masomo yangu.

"Basi ardhi ndiyo iliyowaua," alisema. "Waliikanyaga tu."

"Ndiyo."

"Hawakukosa kitu."

"Hawakukosa kitu, dada."

Akaitika kwa kichwa. Nilidhani nimemfariji. Kisha akafunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake hata siku ya kumzika mumewe.

Ndama alikuwa hai, lakini miguu ya nyuma iliyumba, na njaa ilikuwa imeanza kumuuma. Nilisema nitamwomba shemeji maziwa. Anao ng'ombe wanaokamuliwa, na boma lake linaonekana kutoka pale. Dada alinikatalia kwa ukali.

"Hapana."

"Dada, nimekueleza. Hakuna kitu kinachopita katika maziwa."

"Nimekusikia. Na kesho ng'ombe wake mmoja akifa, kwa kupe, kwa uzee, kwa lolote lile, watoto wake watanitazamaje? Utakuwepo kuwaeleza habari za miguu mifupi?"

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kupambana na hofu ya majirani, kumbe mlinzi wa mpaka ule alikuwa dada mwenyewe. Hakuulinda kwa kutojua. Alikataa kuweka mzigo wa mashaka juu ya nyumba ya mtu mwingine. Sijapata kujifunza hoja ya kuushinda wema wa aina hiyo.

Shemeji alifika kila siku na kusimama kwenye njia, ng'ambo ya ua wa miiba, tukazungumza kwa kupaza sauti.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Sogea, sikusikii."

"Nikisogea, ng'ombe wangu wakifa utanikamulia wewe?"

"Nitakukamulia. Maziwa hutapata, lakini nitakukamulia."

Alicheka, kisha akatoa lililokuwa limemjaa. "Mwalimu, nikwambie ukweli, usinikasirikie. Dume langu nililolivisha ule waya ni zima kabisa. Radi haikuligusa."

"Dume lako lilikuwa wapi siku hiyo?"

"Lilikuwa malishoni Basotu."

"Basi hata mimi radi haikunigusa, nami nilikuwa Mbulu bila waya."

"Lakini huwezi kujua, mwalimu!"

"Hilo najua."

Wakati mwingine wowote dada angetucheka wote wawili. Alikuwa ameinama, akimchovyea ndama kidole katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo na chumvi, na ndama alikuwa akikinyonya kidole kile kwa pupa inayotia uchungu kuitazama.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilimwagiza shemeji anunue Katesh maziwa ya unga, aiweke mifuko juu ya jiwe la njiani na kuondoka. Alifanya hivyo siku ileile. Nilipomletea dada, aliugeuza mfuko mkononi, akatazama picha ya ng'ombe iliyochorwa juu yake.

"Haya ni ya ng'ombe wa nani?"

"Ya kiwandani. Yamechanganywa ya ng'ombe wengi, hata wenyewe hawawezi kuwajua."

"Kiwanda kina zizi?"

"Hakina."

"Kina jirani wa kunilaumu?"

"Yuko mbali sana."

Alinirudishia mfuko. "Koroga," akasema.

Ndama alikunywa. Kwa siku chache aliinuka, akaanza kumfuata dada kutoka mlangoni hadi jikoni, miguu ya nyuma ikichelewa kidogo kuliko ya mbele. Dada alimwita kwa mwito alioutumia kwa wale wengine, sauti nyembamba inayopanda mwishoni, ambayo mama yetu alimfundisha kule Mbulu na ambayo watu wa Hanang hawana. Ndama alipousikia aligeuza masikio. Nilimwona dada akila ugali wake wote. Nilianza hata kuhesabu ni masika gani mtamba huyu angeweza kuzaa.

Kisha akaanza kuharisha. Nilipunguza unga, nikarudisha maji ya chumvi na sukari, nikampigia simu mtaalamu wa mifugo, aliyenishauri kwa makini lakini akasema barabara ya kutoka kwake imekatwa na mafuriko. Asubuhi moja miguu ya nyuma haikumwinua tena. Dada alikaa chini, akakiweka kichwa chake mapajani, akamwita kwa mwito ule, kwa sauti ya chini. Masikio yaligeuka mara ya kwanza, na ya pili. Halafu hayakugeuka.

Wako watakaosema ni radi iliyorudi kumchukua aliyebaki. Hiyo ni habari ya mitaani, naikataa. Inawezekana umeme uliharibu mishipa ambayo jicho haliioni. Inawezekana pia unga uliotengenezwa kwa ajili ya watu ulimshinda tumbo. Nimelipima jambo hili kwa kila namna, na jibu langu la mwisho ni kwamba sijui. Sikuwahi kulisema neno hilo kwa shida namna hii.

Mwezi mpya ulionekana siku chache tu baadaye. Wazee walikuja na kufanya yao, na mpaka ukafunguka. Wanawake wa jirani waliingia na vibuyu vya maziwa, wakakaa na dada, wakalia naye. Hawakuwa watu wabaya; walikuwa wakisubiri siku ile kwa uchungu kama sisi. Shemeji alivuka ua wa miiba akivuta mtamba mwekundu mwenye pembe changa.

"Dada," alimwambia kwa heshima, "huyu akae kwako. Akizaa, uzao wa kwanza ni wako. Zizi lisikae tupu."

Ni desturi ya huko: aliyefilisika hupewa ng'ombe wa kuanzia, naye hukubali bila aibu. Nilimtazama dada, nikamwomba kwa macho akubali. Alisimama, akamshika mtamba mashavuni, akamkagua macho na meno kama mtu anayejua kazi yake.

"Ni mzuri," alisema. "Mama yake yupo?"

"Yupo zizini."

"Basi mrudishe kwa mama yake."

"Dada, chukua," nilisema. "Utapona kwa kazi."

"Wewe umenieleza kila kitu, mdogo wangu, na nimekuamini. Sasa na wewe unielewe mimi. Sauti yangu inawajua wale tu. Huyu nitamwitaje?"

Shemeji alishika kamba. Aligeuza mtamba taratibu, na mimi nikamsindikiza hadi njiani. Niliporudi giza lilikuwa linaanza kuingia, saa ambayo kila boma la uwanda ule hufunga mifugo. Nilishika tawi la miiba linalofunga mlango wa zizi, nikaanza kuliburuta mahali pake.

Dada alinitazama kutoka mlangoni.

"Unamfungia nani?" aliuliza.

Nikaliacha tawi likaanguka.