Mfua Nguo wa Ngomeni

Mikono yake imebabuka kwa maji ya majivu, na kila nguo ya ngomeni huigeuza mara mbili kabla ya kuipiga jiweni. Akikuona unafua polepole hukuuliza, "We mama, unafua au unaibembeleza?" Jana tulisikia bwana wa ngome anamrudisha mkewe, Bibi Ermesinda, kwao kwa kuwa hazai, na farasi wameshatandikwa. Papo hapo akaacha kila kitu mtoni, akapanda kilima mbio, sisi wafuaji wenzake nyuma yake, hadi ukumbini. "Bwana mkubwa," akasema akihema, "mwezi wa tatu huu sijafua kitambaa cha Bibi chenye damu." Bwana akainuka, akamwambia akae kwenye kiti chake mwenyewe. "Nikae vipi, bwana mkubwa, na shuka zako zinachukuliwa na maji?"