Mshale Uliokataa Kurudi Sifuri

Mizani ya kliniki nilikabidhiwa mimi, na mimi ndiye niliyeiharibu. Naanza na hilo kwa sababu siku ile nililizunguka kwa saa nne nzima.

Ni mizani ya kuning'iniza: uso wa duara kama saa ya ukutani, springi ndani, ndoano chini, na suruali ya kitambaa anamotumbukizwa mtoto. Mwisho wake ni kilo ishirini na tano. Mimi ni mhudumu wa afya kijijini kwetu, mbali kidogo na Mpwapwa, na siku ya kliniki huitundika kwenye kenchi ya paa la ofisi ya kijiji.

Kaka yangu aliiomba mara moja tu. Mnunuzi wa mnada wa mifugo wa Msalato alitaka kujua kilo za beberu wake. Nikakataa, akanuna, nikampa. Beberu alipoinuliwa alirusha mateke, mshale ukazunguka hadi ukagota. Tulipomshusha springi ilijikunja, lakini haikurudi yote. Mshale ulisimama mbele ya sifuri, kwenye gramu mia nane hivi.

Kesho yake, siku ya kliniki, niliitundika suruali kwenye ndoano mapema, kabla mama yeyote hajafika, nikajiambia mshale unaonyesha uzito wa suruali. Suruali ile haifiki hata gramu mia. Nilijua, na bado nikapima.

Asubuhi nzima watoto walikuwa wameongezeka. Akina mama wakafurahi, nami nikafurahi nao, aibu iliyoje. Kisha akaja binti mmoja na mtoto wake wa kwanza. Nikasoma, nikaandika kwenye kadi, nikamwambia hongera.

"Mama, huyu hajaongezeka," akasema. "Kanga hii ndiyo namfungia mgongoni kila siku. Mwezi uliopita ncha zilikuwa zinatosha fundo tu. Sasa zinabaki mpaka hapa." Akanionyesha shibiri nzima ya kitambaa.

"Labda wewe ndiye uliyekonda," nikamjibu. Wenzake wakacheka. Nina mdomo mbaya nikiwa na hatia.

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi mpaka mama wa mwisho alipomaliza, ndipo akasimama mbele yangu.

"Mama, naomba utoe hiyo suruali. Hata sokoni huwa naangalia kwanza mizani ikiwa tupu."

Nikaitoa. Mshale ulitikisika kidogo, ukabaki palepale. Ndoano ilikuwa haina kitu, na mizani inasema gramu mia nane. Tuliutazama wote wawili. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Nikachukua kadi, nikatoa zile gramu, na mstari ukashuka chini ya ule wa mwezi uliopita. Utepe wa kupimia mkono ulikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi; sikuuona wa maana, maana mizani ilikuwa imeshasema. Nilipouzungusha kwenye kile kijimkono, ulisoma nyekundu: utapiamlo mkali.

Nilisimamisha bodaboda, nikapanda nao hadi zahanati. Nikamweleza nesi yote, pamoja na beberu. Hakunigombeza, aliandika rufaa ya Mpwapwa, kisha akanipa mizani yao bila kunitazama. Afadhali angenigombeza.

Siku tatu nilizunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu, mizani begani. Kila mlango nilisema neno lilelile: nilikosea, naomba nimpime tena. Mmoja alinifungia mlango, nikakaa kibarazani hadi akafungua. Mwingine alinitukana huku namvalisha mwanawe suruali, nikaendelea kusoma mshale. Kaka aliniambia najidhalilisha bure. Nikamwambia abebe maji yangu ya kunywa au arudi kwake. Akabeba.

Yule mtoto alikaa wodini Mpwapwa siku chache, kisha akaendelea na chakula dawa cha pakiti nyumbani. Nilimpitia kila wiki. Wiki mbili za kwanza hakupanda hata kidogo. Wiki ya tatu alipanda.

Siku ya kliniki iliyofuata binti alikuja mapema kuliko wote, mtoto mgongoni. Alifungua kanga kwa shida kidogo, kwa kuwa fundo lilikuwa fupi. Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto. Alinipita, akaenda kwenye mizani, akatoa suruali kwenye ndoano, akainua macho kuangalia mshale: sifuri. Akina mama nyuma yake wakasogea nao, mmoja mmoja, kuangalia.

Ndipo akarudisha suruali, akanipa mtoto.

"Shikamoo mama," akasema. "Sasa mpime."