Ifute Vizuri, Ndani na Nje

Tangu mume wangu apunguzwe kazini na kuamua kutengeneza kompyuta hapa nyumbani, sebule si yangu tena. Ukikaa kwenye kochi, skrubu inakuchoma. Meza ya chakula imejaa kibodi zilizong'olewa meno, nasi tunakula tumepakata sahani kama wageni waliokosa nafasi. Nimelalamika mpaka nimechoka, lakini kusema kweli nilimwonea huruma. Wateja walikuwa wa kutafuta kwa tochi, na aliyemcheka kuliko wote ni mama yake mzazi.

"Mwanamume mzima kutwa ndani, kama kuku anayeatamia!" mama mkwe alikuwa akisema, tena mbele za watu. Mume wangu hucheka naye, kisha chakula kinamshinda.

Basi siku mama alipoingia mwenyewe na laptopu kwapani, mume wangu nusura acheze ngoma. Mama kaleta kazi!

"Mwanangu, imejaa uchafu mpaka inavuma kama mashine ya kusaga," mama alisema. "Ifute vizuri, ndani na nje. Sitaki kuona kitu."

"Yote, mama?"

"Kwani nimesema nusu? Yote!"

Akaifuta. Jamani, akaifuta! Mama alimaanisha vumbi. Fundi wetu, ambaye kutwa nzima neno 'futa' kwake ni kufuta mafaili, akasikia mafaili. Akaondoa kila kilichokuwemo, akaweka programu mpya, kisha kwa hamu ya kumfurahisha mama akaijaza nyimbo na filamu pomoni. Hata vumbi alilipangusa, maana kazi ya mama haifanywi nusunusu.

Mama alipokuja kuichukua alikaa kwenye kochi, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Baba yako yuko wapi?"

Tukatazamana. Baba mkwe tulimzika mwaka juzi.

"Sauti yake," mama akasema. "Alipozidiwa alijirekodi humu humu, ili nisibaki na ukimya. Kila asubuhi namsikiliza."

Mume wangu aliinyakua ile mashine. Alihangaika nayo kutwa, jasho linamtoka, mama hanyanyuki, chai yake imepoa. Alichopata ni vipande visivyofunguka. Zile nyimbo na filamu zake zilikuwa zimekalia mahali palipokuwa na sauti ya mzee. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, nami siku ile niliwachukia wahenga.

"Mama, nisamehe," akasema, amepiga magoti katikati ya nyaya zake. Nilitamani mama amtukane. Ulimi ule ninaujua, na matusi yangekuwa nafuu. Hakutukana.

"Watu wote husema sauti yako ni ya baba yako," alisema. "Hebu niite kama alivyokuwa akiniita. 'Mchumba, umekula?' Maneno hayo tu, basi."

Mtoto amwite mama yake mchumba! Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Mume wangu alifumba macho.

"Mchumba," akasema, "umekula?"

Mama alisikiliza, kichwa ameinamisha upande. Kisha akaifunga laptopu taratibu.

"Hapana," alisema. "Si yeye."