Tuni ya Babu Yake Bi Ludie

Mtafiti wetu wa tuni za kale za kanisa haimbi kama sisi. Sisi watu wa Alabama hupaza sauti hadi vioo vya kanisa vitetemeke. Yeye hunong'ona tu, kidole kikipapasa noti kama anayetafuta mwiba unyayoni. Ndiye aliyegundua kwamba tuni ya babu yake Bi Ludie ilichapwa jimboni Konektikati, kaskazini, kabla babu hajazaliwa, na kitabu chetu kipya cha nyimbo kikaliondoa jina la babu kama mtunzi. Jumapili Bi Ludie, aliyeiongoza tuni hiyo kila mwaka, alibaki benchini.

“Inuka, mama, zamu yako,” tulimwambia.

“Mwiteni huyo mtafiti anayewajua wenye tuni. Mimi nimeshanyang'anywa.”

Tukaimba nyingine. Wakati wa chakula cha mchana, wengine wakila kuku uani, nilimwona mtafiti makaburini, akiinong'ona tuni ile, kidole kikipapasa jina la babu kwenye jiwe.